Sijambo Kabla ya Jogoo

Buganguzi,
6 Juni 1954

Kwa Shemeji Projestus Kagaruki,
Karani wa Mizani ya Kahawa,
Rwamishenye, Bukoba.

TANGAZO. Wajulishwe watu wote, wa mjini na wa shamba, Walutheri na hata Wakatoliki, kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita jogoo wa Mwalimu Josia Mwijage amestaafishwa kazi yake ya kuwaamsha wanafunzi. Sababu ni uchelewaji. Ametumikia miaka mitatu bila kuomba likizo, na hatapewa kiinua mgongo ila mtama. Anayetaka kumtafutia kazi nyingine afanye haraka, maana mke wa Mwalimu ameanza kumtazama kwa jicho la sufuria.

Baada ya tangazo, salamu. Sisi huku hatujambo sana, hofu yetu ni juu yenu.

Shemeji, si mzaha mtupu. Wale wanafunzi wangu sita wa mbio sasa wanaamka kabla ya jogoo. Saa kumi na moja nikifika bwenini na taa yangu, nawakuta wamekwisha kujipanga mstari, wamenawa miguu na kuikausha hata katikati ya vidole. Wa kwanza kwenye mstari ni mwanao Clavery. Siku zote ni yeye.

Unanijua. Mimi mwenyewe nikikimbia, tumbo hutangulia na miguu hufuata baadaye kwa posta. Ndiyo sababu nawafundisha nikiwa juu ya baiskeli. Lakini mbio nimezifikiria kuliko wanavyozifikiria wenye miguu. Kushinda siku moja ni bahati, kama kuokota senene mezani. Mimi nataka niwape vijana tabia zitakazobaki nao hata wakiwa wazee wenye vitambi, Mungu apishe mbali. Kuamka mapema. Kunawa miguu. Maji kikombe kimoja kabla ya uji. Pombe ya rubisi hapana, hata ya msibani.

Na juu ya hizo nimeongeza moja ya kubuni mwenyewe, nayo ndiyo najivunia. Napita mstarini na taa, nauliza kila mmoja, "Hujambo?" Naye lazima ajibu "Sijambo" kwa sauti, kabla sijafunga mdomo. Akijibu vizuri, natia alama ya chaki kwenye ukuta wa bweni, mbele ya jina lake. Akichelewa, au akisema "Sijambo kidogo", au akianza hadithi za mbavu na usingizi, alama zake zote zinafutwa anaanza upya. Mwili, shemeji, ni mtumishi mvivu. Husikiliza kwanza ulimi umesema nini, ndipo uamue kuumwa au kutoumwa. Clavery ana alama ishirini na tatu bila kukatika.

Bila shaka umesikia kwamba mwezi uliopita huko Uingereza mtu alikimbia maili moja chini ya dakika nne. Wazungu wa boma wanatembea vifua mbele kana kwamba ndio waliomsukuma. Clavery wetu, peku, kwenye nyasi za lweya, uwanda usiolimwa, amekimbia dakika nne na sekunde arobaini na tatu, kwa saa ya mchungaji ambayo haina urafiki na mtu. Michezo ya wilaya ni Bukoba, Jumamosi tarehe 14 Agosti. Mshindi anapanda meli kwenda Mwanza kushindana na jimbo zima. Anza kutafuta kofia ya kuvaa siku hiyo.

Msalimie dada yangu Kokushubila, ambaye ninyi mlimbatiza upya mkamwita Benigna, kana kwamba sisi tulikuwa tumemmwagia maji ya kuoshea vyombo.

Shemeji yako,
Josia Mwijage


Rwamishenye,
20 Juni 1954

Mwalimu Josia, shemeji,

Salamu nyingi. Nasi hatujambo, ila mimi mgongo, na huo si habari mpya.

Tangazo lako nimelisoma kwa sauti ghalani, mbele ya mizani. Watu wamecheka hata wakapakia gunia moja mara mbili. Mzee mmoja wa Nyanga ameniagiza nikuulize kama jogoo anajua kusoma, maana huko kwao wanatafuta katekista wa Kilutheri.

Kuhusu ubatizo wa mke wangu, tulimwosha mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza alioshwa na watu wenye haraka.

Sasa ya kweli. Josia, sijawahi kukuambia, maana ukisifiwa unanenepa. Mimi ni mtu wa kupima vitu vya wengine. Miaka kumi na tisa naandika uzito wa kahawa ambayo si yangu. Siku ile mchungaji wenu aliyepita hapa aliposema, "Kumbe wewe ndiye baba yake yule kijana wa maili?", nilijibu ndiyo, halafu nikakaa kwenye stuli yangu muda mrefu sikuandika kitu. Huyu mtoto nimekukabidhi wewe. Padri alininunia kumpeleka shule yenu, nikamwambia mjomba ni mjomba, hana dhehebu.

Mama yake ametuma kwa lori kopo la samli ambalo Clavery aliliomba. Anashangaa. Tangu lini mtoto huyu anapenda samli? Nyumbani alikuwa akiikwangua kwenye kitoke cha ndizi na kuisukumia pembeni. Nikamwambia ni mbio, zinabadili tumbo la mtu.

Kofia nimepata. Ni ya rangi ya kahawia na inanibana.

Shemeji yako,
P. Kagaruki


Buganguzi,
11 Julai 1954

Mama yangu mpenzi,

Mimi mwanao sijambo, natumaini nanyi hamjambo, wewe na baba na wadogo zangu.

Samli nimeipokea, nashukuru sana. Sasa imekwisha. Kama kuna nyingine naomba, hata kidogo. Mama, si ya kula. Ni ya kuchua mguu wa kulia. Usiwe na wasiwasi. Ni mahali padogo kama sarafu, mbele ya mfupa, chini ya goti. Pakiguswa ndipo panauma, na nikianza kukimbia, na usiku nikijigeuza. Asubuhi nikishasema sijambo panatulia kidogo, kwa hiyo naona mwalimu anasema kweli.

Tafadhali usimwambie baba. Nimesikia amekwisha kuwaambia watu wote wa mizani, na amenunua kofia.

Wenzangu siku hizi wananiita Kaikuru. Ni mzaha wa mjomba tu, wala si wa ubaya. Unajua mjomba alivyo. Hata mimi nilicheka. Rugaibula, yule wa darasani kwetu anayekimbia nusu maili, yeye hakucheka, lakini Rugaibula ni mtu wa kununa tangu zamani.

Nina alama hamsini na nane. Hakuna mwingine aliyefika arobaini.

Ni mimi mwanao,
Clavery


Rwamishenye,
25 Julai 1954

Shemeji Josia,

Hatujambo. Najua ninyi pia hamjambo.

Benigna amenionyesha barua ya mtoto. Aliificha juma zima kwa sababu mtoto alimwomba aifiche, halafu leo baada ya Misa akaiweka juu ya sahani yangu ya chakula, badala ya chakula.

Anasema mtoto wake haombi kitu mara mbili. Akiomba mara mbili, ujue ameshakaa nacho muda mrefu. Pia anauliza kwa nini anaitwa Kaikuru. Mvulana wa miaka kumi na saba anaitwaje bibi kizee?

Mimi nimemwambia mjomba wake yupo pale kila siku, angeona. Hata hivyo, waitu, ndugu yangu, nakuomba jambo moja, ili nami nipate kula. Mpeleke kwa dresa wa zahanati hapo Muleba. Siku moja tu. Amwone, amshike huo mguu, aseme neno. Akisema apumzike, basi atapumzika, na Mwanza haihami. Kofia naweza kumpa mtu mwenye kichwa kidogo.

Nijibu upesi.

Projestus


Buganguzi,
1 Agosti 1954

Mpendwa shemeji, pamoja na dada yangu mwenye majina mawili,

Hatujambo, tena sana, na nawaombeni mle.

Agizo limetekelezwa. Jumatano iliyopita nilimpakia bingwa wenu nyuma ya baiskeli mpaka Muleba. Kwenye kile kilima cha mwisho ilibidi mmoja wetu ashuke, na kwa heshima ya mguu wake nikashuka mimi, nikaisukuma baiskeli yeye akiwa amekaa juu yake kama Mukama anayekwenda kutembelea raia wake. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni waliniuliza ni kosa gani nimefanya.

Dresa amemwona kwa macho yake. Jibu ni kwamba Clavery hajambo.

Ni ukuaji, Kokushubila. Mifupa ya vijana hukua haraka kuliko akili zao, nami niliwahi kuwa hivyo kabla sijaanza kukua kwa upande. Jina la Kaikuru ni utani wa bwenini, litakufa lenyewe tukirudi na kikombe. Alama zake zimefika sabini na tisa. Ukuta umekaribia kwisha, na nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuendelea kwenye ukuta wa jiko.

Tutafika kwa lori asubuhi ya siku yenyewe. Simameni karibu na kamba, upande wa ziwa.

Josia


Buganguzi,
17 Agosti 1954

Kwa Shemeji Projestus na Dada Benigna,

Poleni. Sisi huku hatujambo, ila tuna huzuni kwa yaliyotokea.

Naomba msamaha kwamba Jumamosi ile sikuweza kufuatana nanyi mpaka hospitali. Lori lilikuwa linaondoka nami nilikuwa na vijana wengine watano wa kurudisha. Nilidhani pia kwamba kule hospitali ningekuwa mtu wa kuzuia njia tu, na kwa umbo langu mnajua.

Nimefikiria sana jambo hili. Naamini lilikuwa shimo la fuko. Kiwanja kile kina mafuko, hasa kwenye kona ya upande wa ziwa, na mzunguko wa tatu Clavery alibana kona sana ili ampite yule kijana wa mjini. Alikanyaga shimo. Hakuna mwanadamu ambaye angeliona. Nimemwandikia mwalimu mkuu hivyo, naye ataandika kwa wenye kiwanja.

Mfupa wa kijana huunga upesi. Krismasi atakuwa anapanda mbuni kuchuma.

Mungu ndiye ajuaye yote.

Josia Mwijage


Rwamishenye,
12 Septemba 1954

Josia,

Nimezoea kuanza barua kwa salamu, na mkono umekaa hapa juu ya karatasi muda mrefu ukiitafuta. Haipo.

Mguu wa Clavery umekatwa Alhamisi tarehe 2, chini kidogo ya goti. Mfupa ulikuwa umetoka nje ya ngozi, kidonda kikaoza, wakatuambia tuchague mguu au mtoto. Nilitia sahihi mimi. Ni sahihi ile ile ninayotia kwenye hati za kahawa.

Kabla ya hapo daktari alituita, mimi na Benigna. Alisema mfupa haukuvunjika siku ile. Siku ile ulimalizika tu. Ufa ulikuwepo majuma mengi, na kingo zake zilikuwa zimeanza kujijenga. Angelala mwezi mmoja na nusu, mfupa ungepona kabisa. Halafu akauliza kwa upole, hakuwa na ukali wowote, "Kijana huyu alikuwa chini ya nani?" Benigna akasema, "Chini ya kaka yangu."

Jumapili iliyopita nilikwenda kiwanjani. Nilikuwa na Rugaibula, aliyekuja kumwona mwenzake, amepanda lori peke yake bila kumwomba mtu ruhusa. Tuliuzunguka mzunguko wote kwa miguu, yeye ukingo wa ndani, mimi wa nje. Kwenye kona nilipiga magoti nikapapasa nyasi kwa mikono. Hakuna shimo, Josia. Hata la mchwa.

Rugaibula ni mtu wa kununa, lakini akiulizwa anajibu. Nilimwuliza jina la Kaikuru lilitoka wapi. Ameniambia habari ya mkongojo.

Tena kuna hili. Dresa wa Muleba alikuja mjini Ijumaa kuchukua dawa, nikamwona ghalani. Nilikwenda kumshukuru kwa kumwona mtoto wangu. Alinitazama kama ninayemdai. Hana Clavery yeyote kwenye kitabu chake, wala hajashika mguu wa mwanafunzi yeyote wa Buganguzi mwaka huu.

Wewe na mimi tumekuwa watu wa kutaniana kwa miaka kumi na minane. Umenitania juu ya rozari, nimekutania juu ya tumbo. Sasa nakuomba kitu kimoja, na sikuombi kwa utani. Niandikie barua moja isiyo na hatujambo ndani yake. Usiweke jogoo, wala shimo, wala Mungu ndiye ajuaye. Niandikie unachokijua wewe.

Benigna hana la kukuandikia. Ameniambia nikuandikie kwamba hana.

Projestus Kagaruki


Buganguzi,
3 Oktoba 1954

Projestus,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimezichana. Kila nilipozisoma upya nilijikuta mahali fulani nimeanza kuchekesha.

Jumapili ya tarehe 13 Juni, baada ya ibada, Clavery alikuja nyumbani kwangu. Huwa anakula kwangu Jumapili. Nilikuwa uani nanyoa ndevu, kioo nimekitundika kwenye mgomba. Alisimama nyuma yangu nikamwona kiooni. Akaniita mjomba, hakuniita mwalimu, na alisema kwa Kihaya, kama tunavyosemeshana nyumbani, kwamba mguu unamuuma na usiku halali. Niligeuka nikapabonyeza mahali pale kwa kidole gumba. Alijitupa nyuma akaangusha kioo.

Kwa hiyo nilijua. Nataka uanze na hilo. Sikudanganywa na mtu, wala na sijambo. Nilijua tangu siku ile, nina kidole gumba kilichojua.

Nilimwambia, "Kesho mstarini tutaona." Alikuja kwa mjomba wake, akajibiwa na mwalimu.

Kesho yake saa kumi na moja nilipita na taa. Nilipomfikia nikamwuliza hujambo, akachelewa kujibu, halafu akasema, "Sijambo, ila ule mguu." Alikuwa na alama thelathini na moja. Kwa sheria yangu mwenyewe ilinipasa kuzifuta. Ningezifuta angeanza upya, aibu ingepita, na huenda angepumzika. Sikuzifuta. Nilizipenda zile alama kuliko yeye alivyozipenda. Nilikuwa nimewaonyesha walimu wenzangu, na mkaguzi wa shule alipopita aliusoma ule ukuta akasema ni utaratibu mzuri sana, ungefaa kuigwa na shule nyingine. Nilikuwa nimeanza kuuandika kwenye daftari ili nimpelekee.

Badala ya kumfutia, mchana ule nilikata tawi la mbuni, nikalichonga likawa mkongojo. Mchongaji ni mimi, na nilitumia muda, hata mahali pa kushika nilipalainisha kwa kigae cha chupa. Siku ya pili asubuhi nikampa mbele ya mstari. Nikasema, "Kaikuru, pokea, usije ukaanguka ukienda kuteka maji." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe unajua maisha yangu yote nimeishi kwa hicho kicheko. Tangu nilipokuwa shule mimi ndiye mnene, asiyejua mpira, na watu waliniweka karibu kwa sababu nawachekesha. Clavery naye alicheka. Aliupokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kitu kwa mtu mzima. Rugaibula peke yake ndiye aliyetazama chini.

Tangu siku ile hakuchelewa kujibu. Nilikuwa bado sijamaliza "hu" yeye ameshasema sijambo.

Muleba tulikwenda. Hilo ni kweli, na kilima ni kweli, na kwamba nilimsukuma ni kweli, ndiyo sababu niliweza kuandika uongo kwa urahisi. Karibu na soko tulikutana na dresa yuko kwenye baiskeli yake, anakwenda kwenye mkutano kwa mkungu wa kijiji. Alipunguza mwendo. Akasema, "Mwalimu, hamjambo?" Nikajibu, "Hatujambo." Akamtazama Clavery, naye akajibu hajambo. Dresa akapita.

Tulibaki barabarani. Zahanati ilikuwa pale inaonekana, watu wamekaa nje kwenye nyasi wanasubiri msaidizi wake. Nilimwambia Clavery, "Tukiingia pale watakuambia ulale mwezi mzima. Unataka kulala mwezi mzima?" Akawatazama wale waliokaa kwenye nyasi. Nikamwuliza, "Hujambo?" Akajibu. Nikageuza baiskeli. Na niliporudi nikakaa mezani nikatafuta namna ya kusema bila kusema, nikaandika kwamba dresa amemwona kwa macho yake. Nilikisoma hicho kifungu mara mbili, nikaona kimekaa vizuri. Nilitabasamu, Projestus.

Neno hili, sijambo, hatukuzaliwa nalo, wewe na mimi. Tulifundishwa darasani, kwa fimbo, tukiwa tumesimama. Mwalimu akiingia anauliza hamjambo, na hata mwenye homa anasema hatujambo na darasa zima. Nilikuwa na lugha mbili za kumwuliza mtoto wa dada yangu anaendeleaje. Kila asubuhi nilichagua ile isiyo na nafasi ya kuumwa.

Siku ya michezo Kokushubila alikuja kwenye kamba kabla ya maili. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kusimama. Alimshika mtoto kidevu akamwuliza kwa Kihaya, taratibu, mguu ukoje. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Clavery aliinua macho, akanitazama mimi, si mama yake. Kisha akamjibu kwa Kiswahili, "Sijambo, mama." Akamjibu kwa Kiswahili mama yake mzazi. Nilisikia na nilielewa, na nilikuwa bado na muda. Walikuwa hawajaitwa mstarini. Nilitazama saa ya mchungaji niliyoiazima.

Shimo halikuwepo. Mzunguko wa tatu nilikuwa kwenye kona na nilisikia. Ulikuwa mlio wa ukuni mkavu unapovunjwa gotini. Wewe ulikuwa mbali, ulidhani ameteleza. Baada ya mlio ule alikimbia hatua nyingine nane. Nilizihesabu bila kutaka. Hatua nane juu ya mfupa uliovunjika, uso umetulia, kama nilivyomfundisha, kisha akakaa chini vizuri, hata hakupiga kelele. Watu walimkimbilia. Mimi nilikwenda kwenye lori. Dereva alikuwa bado anakula. Nilikaa ndani ya lori saa nzima kabla halijaondoka. Hao vijana watano niliosema ninawarudisha wote walikuwa nyuma yenu, wamekwenda na mwenzao hospitali, wakarudi wenyewe kesho yake.

Ningeweza kuandika hapa habari za Petro na jogoo, na mara ngapi alikana. Nilizihubiri mwaka jana wiki ya mateso, watu wakalia. Lakini hayo yangekuwa mapambo. Jogoo amerudi kazini. Hakuna anayemtangulia tena, mstari nimeuvunja. Alama za wale watano nimezifuta. Za Clavery ziko tisini na mbili, ya mwisho niliitia asubuhi ya tarehe 14, kwa taa, kabla hatujapanda lori. Nimesimama mbele yake na kitambaa mara kadhaa. Daftari la mkaguzi nimelitia motoni jikoni.

Imebaki moja. Jumatano ya tarehe 22 nilikuja Bukoba. Sikupita Rwamishenye. Nililala kwa mtu Nyanga, nikaamka mapema, nikafika hospitali wakati wauguzi wa zamu wanabadilishana, nikaona hapo sitakutana na dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye kipande cha karatasi, kwa Kihaya.

Wagonjwa wote walikuwa wamelala isipokuwa yeye. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, blanketi amelikunja. Mbele yake sakafuni kulikuwa na beseni. Mguu wake alikuwa amekwisha kuunawa, na alikuwa ameinama na kitambaa anaukausha, katikati ya vidole, kimoja kimoja. Kikombe cha maji kilikuwa pembeni, kitupu.

Nilisimama mlangoni. Ile karatasi ilikuwa mkononi. Nilifungua mdomo nimwite kwa jina, Projestus, nakuapia nilitaka nimwite kwa jina, na kilichotoka ni kile nilichokuwa nikikisema kila asubuhi nikiingia bwenini.

Aliweka kitambaa chini. Akanyoosha mgongo.

"Sijambo, mwalimu."

Nilikuwa sijafunga mdomo.

Josia